Tunagombania udongo, fundi hatumjui

Kila baada ya miezi kadhaa kisa cha Ruiru hufufuka mitandaoni. Mtu huandika kwamba Wajerumani walikuja Kenya, wakachota udongo, wakakuta dawa ya kisukari humo ndani, wakaiuza dunia nzima, na Kenya haikuambulia hata shilingi. Chini yake hufuata laana, vikaragosi vya hasira, na hakosi mtu wa kupendekeza kwamba mgeni yeyote asitoke uwanja wa ndege kabla viatu vyake havijafutwa. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, kila mara kikiwa kimeongezwa chumvi kidogo. Kiini chake ni kweli. Ninachokataa ni fundisho tunalolichota humo, maana linatuweka mlangoni na rungu mkononi wakati mali inatokea dirishani.

Tuanze na kisa chenyewe bila chumvi. Kunako 1970 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilikuwa na mpango wa kuchambua vijidudu vya udongoni. Sampuli moja ilitoka Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, eneo la mashamba ya kahawa. Ndani yake alikuwamo bakteria wa jenasi ya Actinoplanes, akapewa namba SE50. Bakteria huyo hutengeneza kitu kinachoufanya utumbo ushindwe kusaga wanga kwa kasi yake ya kawaida. Kitu hicho kikaitwa akabosi. Mwaka 1990 kiliingia sokoni Ujerumani kwa jina la Glucobay, na mwaka 1995 kikaidhinishwa Marekani kwa jina la Precose. China wakaipokea kwa mikono miwili, na haishangazi: ni dawa ya watu ambao sahani yao imejaa wanga. Watu kama sisi, kwa maneno mengine.

Je, kuna sheria iliyovunjwa? Hakuna. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, uliosema kwamba viumbe wa nchi ni mali ya nchi hiyo, ulipitishwa 1992 na kuanza kazi mwishoni mwa 1993. Itifaki ya Nagoya, inayoeleza namna ya kugawana faida, ilipitishwa 2010 ikaanza kutumika 2014. Jina la Ruiru lenyewe lilikuja kusikika magazetini kuanzia 2006, baada ya asasi moja ndogo ya Marekani kuchapisha ripoti kuhusu bidhaa zilizotokana na viumbe wa Afrika bila makubaliano ya kugawana faida. Kufikia hapo dawa ilikuwa imeuzwa miaka kumi na sita.

Hasira ya watu naielewa. Lakini kuna jambo moja linalonikera kila nikisoma laana zile: udongo wa Ruiru haukwisha. Kilichukuliwa kijiko, shamba zima likabaki. Kwa miaka hamsini na zaidi tumekuwa tukipita juu ya ndugu zake bakteria yule, tukijenga juu yake maghorofa ya kupangisha, na hakuna aliyetuzuia kumuuliza lolote.

Kumuuliza nini? Hapo ndipo inabidi tushuke mpaka tumboni.

Wanga wa ugali ni mnyororo wa glukosi, mrefu, wenye matawi. Ufikirie kama muwa: pingili ni glukosi, na kati ya pingili na pingili kuna fundo. Mwili hauwezi kunyonya muwa mzima, sharti uukate fundo kwa fundo mpaka ibaki pingili moja moja. Visu vya kazi hiyo ni vimeng'enya. Cha kwanza kimo kwenye mate. Tafuna kipande cha mkate mkavu bila kumeza, uhesabu mpaka mia, utaona utamu umeanza kujitokeza ambao mwanzoni haukuwapo. Vingine humwagwa na kongosho, na vya mwisho vimesimama kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, vikikata fundo la mwisho kabisa kabla glukosi haijaingia kwenye damu.

Sasa akabosi ni kimuwa cha bandia. Ina umbo la mnyororo mfupi wa pingili nne, na kisu kikiuona kinaukamata kama kinavyokamata wanga wowote. Ila fundo lake moja halikuungwa kama mengine. Mafundo ya wanga wa kawaida hushikiliwa na oksijeni; hilo moja limeshikiliwa na nitrojeni. Kisu kinabana, kinasukuma, hakipiti. Na kadiri kilivyokwama pale ndivyo ugali halisi unavyopita pembeni bila kukatwa, glukosi ikiingia kwenye damu polepole badala ya kufurika. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ameze tembe yake na tonge la kwanza: akiimeza baada ya kula, visu vimeshamaliza kazi.

Wanga usiokatwa hauyeyuki hewani. Unateremka kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanafanya sherehe. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliiacha dawa hii baada ya wiki mbili, akisema afadhali sukari ipande kuliko kuaibika mbele ya wakwe. Na kwa wanaouguza wagonjwa kuna jambo zito zaidi ya gesi. Mtu anayetumia akabosi pamoja na insulini, sukari yake ikishuka ghafla, chai ya sukari au soda haimwokoi upesi kama mlivyozoea. Sukari ya mezani nayo ina fundo linalotaka kukatwa, na kisu kimezibwa. Mpeni glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa maduka ya dawa.

Nimekawia tumboni kwa makusudi, kwa sababu swali la maana linatoka hapo. Fundo lile la nitrojeni, nani alilifunga?

Alilifunga bakteria, kwa vimeng'enya vya aina nyingine. Shuleni tulifundishwa kimeng'enya kama mvunjaji: kinasaga, kinayeyusha, kinakata. Picha hiyo ni nusu tu ya jambo. Kuna jeshi zima la vimeng'enya vya ujenzi. Vimo vinavyounga sukari na sukari ukapata wanga kwenye punje ya mahindi. Vimo vinavyopachika sukari juu ya sumu, juu ya rangi ya ua, juu ya dawa. Wali wako kuchambuka au kushikana kama uji hutegemea, kwa sehemu kubwa, kimeng'enya kimoja cha ujenzi ndani ya punje ya mpunga, kinachoamua ni kiasi gani cha wanga kiwe uzi ulionyooka na kiasi gani kiwe matawi. Hata kundi la damu yako, A au B, ni suala la fundi gani wa kupachika sukari ulimrithi kwa wazazi: mmoja anapachika sukari hii juu ya chembe ya damu, mwenzake anapachika ile, na mwenye kundi O amerithi fundi asiyefanya kazi.

Kwa akabosi, kumjua fundi kulichukua muda ambao nikiutaja watu hudhani nimekosea hesabu. Mwaka 1999 watafiti wa Wuppertal na Seattle walionyesha kimeng'enya cha mwanzo wa safari, kinachochukua sukari ya kaboni saba na kuikunja iwe duara. Mwaka 2012 herufi zote za jinomu ya bakteria yule, yaani maandishi yote ya urithi wake, kama milioni 9.2, zilichapishwa na watafiti wa Bielefeld. Na mwaka 2022, ndiyo, 2022, timu ya Taifo Mahmud katika chuo kikuu cha jimbo la Oregon, Marekani, ikachapisha njia nzima, hatua kwa hatua. Dawa ilikuwa imeuzwa miaka 32 kabla ya kujulikana inavyotengenezwa na anayeitengeneza.

Walichokikuta mwishoni mwa njia kinapendeza kama hadithi ya ndugu wawili. Kuna kimeng'enya AcbI, fundi wa kawaida: anachukua sukari aliyotayarishiwa, anaiunga na maltosi, yaani pingili mbili za glukosi, kwa fundo la oksijeni kama mafundi wote wa ukoo wake. Na kuna AcbS, ndugu yake wa damu, wanafanana sura mpaka utawachanganya. Yeye ndiye anayefanya uungaji wa mwisho, na anaunga kwa nitrojeni. Ndugu mmoja anafunga kwa kamba, mwingine amejifunza kuchomelea. Thamani yote ya dawa ile, tangu viwanda vya Ujerumani mpaka hospitali za Beijing, imesimama juu ya fundo analofunga yule wa pili.

Udongo, basi, ulikuwa bahasha. Barua iliandikwa kwa lugha ya vimeng'enya, na hata waliotajirika nayo walikuwa wameisoma nusu.

Najua jibu ambalo msomaji wangu wa Dodoma au Nairobi ameshaliandaa: hayo ni mambo ya nchi tajiri, sisi zahanati hazina glavu. Ni jibu la haki, na zamani nilikuwa nalitoa mwenyewe, mpaka nilipomsoma Luis Leloir. Tazama tu tarehe. Wakati ule ule, kunako 1970, udongo wa Ruiru ukiwa njiani kwenda Ujerumani, Nobeli ya kemia ya mwaka 1970 ilikwenda Buenos Aires, Argentina, kwa mtu mmoja peke yake, kwa kugundua jinsi viumbe wanavyojenga sukari na wanga. Kabla yake wataalamu wengi waliamini mwili huujenga wanga kwa kurudi kinyumenyume katika njia ile ile ya kuuvunja, kama mtu anayepanda ngazi aliyoshukia. Leloir na wenzake walikuta kumbe kuna ngazi nyingine kabisa. Glukosi haijiungi hivi hivi. Kwanza inapandishwa mgongoni mwa kibebeo, kinachoitwa UDP, kisha fundi anaipokea kutoka pale na kuipachika anapotaka. Baadaye wakaonyesha kwamba mimea, inapojenga wanga wake, hupendelea kibebeo kingine cha ukoo huo. Ugali, wali, mihogo, viazi, vyote vimepita mgongoni mwa vibebeo hivyo.

Na maabara yake? Ilianza 1947 katika nyumba ya zamani, kwa fedha za Jaime Campomar, mfanyabiashara wa viwanda vya nguo. Si serikali, si wafadhili wa ng'ambo: tajiri wa hapo hapo. Serikali ya kijeshi ilikuwa imemfukuza chuoni mwalimu wake, Bernardo Houssay, miaka michache kabla. Mashine ya kuzungushia sampuli haikuwa na ubaridi, wakaizungushia mpira wa ndani wa tairi la gari uliojazwa barafu na chumvi. Kiti alichokalia Leloir kilikuwa cha nyasi, kimefungwafungwa kwa kamba kisianguke. Picha yake ipo hadi leo. Sitaki kuupamba umaskini, maana vifaa vibovu vinachelewesha kazi na kuvunja moyo. Nasema tu kwamba alichokuwa nacho Leloir, na ambacho sisi tungeweza kuwa nacho mwaka ule, ni watu wachache waliolipwa kukaa na swali moja kwa miaka mingi bila mtu kuwauliza lini litaleta faida.

Tuna matajiri wa viwanda vya nguo sisi? Tuna wa saruji, wa unga, wa mabasi, wa soda. Wanajenga misikiti na makanisa, wanadhamini timu za mpira, Mungu awalipe. Sijawahi kusikia mmoja ameulizwa agharamie meza ya watu watano wa kumsoma fundi wa bakteria.

Kuna wanaoogopa upande wa pili: fundi akishajulikana, mkulima atakufa njaa. Wanataja artemisia, mmea unaotoa dawa ya artemisinini, na mfano ni mzuri kwa sababu haukwenda kama walivyotabiri wenye matumaini wala wenye hofu. Artemisinini ya kutibu malaria ilipatikana China katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Tu Youyou, aliyepewa Nobeli 2015. Dawa za mseto zilipoenea, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda nao wakaanza kulima mmea huo. Kule Berkeley, Marekani, timu ya Jay Keasling ikavisoma vimeng'enya vya mmea na kuvihamishia kwenye hamira, ndugu ya hii ya maandazi, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba hamira hiyo inatengeneza asidi ambayo kutoka hapo artemisinini iko hatua chache. Kampuni ya dawa ya Sanofi ikafungua uzalishaji Garessio, Italia, mwaka 2013. Ilionekana shamba limekwisha. Kumbe bei ya artemisinini ya shambani ilianguka chini ya dola 250 kwa kilo, ile ya hamira ikashindwa kushuka chini ya dola 350 hivi, na Sanofi wakaishia kuiuza karakana ile kwa kampuni ya Bulgaria. Mkulima aliishinda hamira, ila kwa kuuza kwa bei ya kumtoa machozi. Anayejua fundi anaweza hata kushindwa sokoni akabaki na ujuzi wake kwa kazi nyingine kesho. Aliyekuwa na shamba peke yake hubaki kusikilizia bei redioni.

Rudi sasa kwa yule mwenye rungu mlangoni. Jinomu ya bakteria wa Ruiru iko kwenye hazina za data zilizo wazi. Faili lake ni dogo kuliko video ya harusi unayotumiwa na ndugu. Kwa bando la siku nimelipakua nikiwa kwenye daladala, nikalifungua, nikakuta herufi nne zikijirudia kurasa hata kurasa. Mwenye maabara Seoul au San Diego anafanya hivyo hivyo, kisha anaagiza jeni ya AcbS itengenezwe kiwandani na kuletewa kwa posta. Hakuna udongo uliovuka mpaka na hakuna ofisa forodha wa kumkamata. Mkutano wa nchi za mkataba ule wa bioanuwai, uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024 ulijaribu kulishika jambo hili: kampuni kubwa zinazofaidika na data za jinomu zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato kwenye mfuko, ambao ulizinduliwa Februari 2025. Neno lenye uzito hapo ni "zinatarajiwa". Hakuna anayelazimishwa. Naunga mkono mfuko ule, lakini nchi inayopanga maisha yake kwa kutegemea uungwana wa wenye faida haijajifunza kitu kutoka kwenye bei ya kahawa.

Na hili la vibali ndilo linaloniuma, kwa sababu nimeliona kwa macho. Binti mmoja niliyemfundisha kemia sekondari alifika shahada ya pili akitaka kuchukua bakteria kwenye chemchemi ya maji moto iliyo mwendo wa saa mbili kutoka kwao. Alihangaika miezi minane. Ofisi moja ilimtaka barua ya ofisi nyingine, ile nyingine ikataka barua ya kijiji, kijiji kikauliza posho. Fomu ilimtaka aeleze faida ya kibiashara atakayoipata kwa chupa kumi za matope. Mwishoni msimamizi wake akamshauri aachane nayo, aandike juu ya matumizi ya dawa za mitishamba kwa dodoso. Akaandika, akahitimu, sasa anauza bima. Sheria tuliyoitunga kwa hasira kama za Ruiru, ili kumzuia mgeni, ilimkuta yeye kwanza. Mgeni ana wakili, na ana faili la kupakua.

Zipo njia za akili zaidi. Ziwa Bogoria lilikuwa na kisa chake, vimeng'enya vilivyotoka kwenye maji yake vikaishia kuchakaza jinzi viwandani, na ugomvi ukawa mkubwa. Lakini mwaka 2007 shirika la wanyamapori la Kenya lilitia saini na Novozymes ya Denmark makubaliano ya kutafuta vijidudu kwenye hifadhi, yakiwamo mafunzo kwa Wakenya wa kuvikusanya na kuvichambua. Mimi kipengele cha mafunzo ningekipigania kuliko cha mrabaha. Mrabaha wa bidhaa moja utaisha hataza ikiisha. Mtu anayeweza kusoma fundi mmoja anasoma na wa pili.

Hata hivyo mfano unaonikosesha usingizi hauna mwizi ndani yake. Ni muhogo.

Muhogo si wetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno, na kwa mantiki ya udongo tungekuwa tunadaiwa na Wabrazili. Mihogo michungu inajilinda kwa sianidi, na namna inavyoihifadhi ni kazi ya mafundi wale wale. Kimeng'enya cha kwanza huchukua asidi ya amino ya kawaida, kingine kinaipeleka mbele, mpaka kinapatikana kitu chenye sianidi tumboni; hapo fundi wa mwisho anapachika glukosi juu yake kama kifuniko cha sufuria. Kilichofunikwa kinaitwa linamarini, kinakaa kimya. Karibu yake, kwenye ukuta wa seli, anakaa kimeng'enya mfunuaji. Panya akiuma, jembe likikata, ukuta unavunjika, mfunuaji anakutana na sufuria, sianidi inatoka. Jeni za mafundi hao zimesomwa kwa sehemu kubwa Copenhagen, mahali ambapo muhogo hauoti ila ndani ya nyumba ya vioo.

Kwetu watu hulipa kutojua huko kwa miguu. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, hasa watoto na akina mama, na miguu hairudi. Jina limetoka Kongo, kwa Wayaka, ulikoelezwa kitaalamu 1938. Tarime ulizuka 1985, kipindi cha ukame, watu walipokula mihogo michungu iliyoandaliwa haraka haraka kwa sababu ya njaa; Watanzania, akiwamo Nicholas Mlingi, walishiriki kuuchunguza. Mtwara nako umetokea. Na tazama jinsi kumjua kimeng'enya kunavyoweza kuwa dawa isiyo na gharama: Howard Bradbury, mwanakemia wa Canberra, Australia, alitumia ukweli kwamba yule mfunuaji bado yuko hai ndani ya unga mkavu, anasubiri maji. Lowanisha unga wa muhogo kwa maji, utandaze kwenye beseni au mkeka uwe mwembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo. Mfunuaji anaamka, anafunua, sianidi inapaa na upepo.

Desemba iliyopita nilikwenda Sengerema kumsalimia shangazi. Nilimkuta uani, amefunua lundo la mihogo lililokaa siku nne chini ya majani ya migomba, anakwangua ukungu kwa kisu kabla ya kuivunjavunja na kuianika iwe udaga. Nyingine ilikuwa na ukungu mweusi, nyingine wa rangi ya chungwa kama mafuta ya mawese. Ukungu huo unalainisha muhogo, unavunja kuta, sufuria na mfunuaji wanakutana. Yeye haiti hivyo, anasema "unatoa ukali". Niliona anatenga magamba ya ule wa chungwa kwenye ungo wake peke yake.

"Huo wa nini, shangazi?"

"Wa lundo lijalo, baba. Huu unafanya kazi. Ule wa kwa mke wa mjomba wako unanuka tu, ugali wake unaukwepa mwenyewe."

Alikuwa ameuchagua kwa miaka, lundo kwa lundo, kama mtu anavyochagua mbegu ya mahindi. Nilitoa kichupa kitupu cha panadol mfukoni, nikakwangua kidogo, nikafunga kifuniko. Kisha nikamkumbuka binti wa bima, nikamweleza shangazi kwamba kwa kweli nikitaka kuupeleka huu maabara nitahitaji kibali.

Alinyoosha mgongo, kisu mkononi. "Kibali cha ukungu wangu?"

Nikasema ndiyo. Akaniangalia kidogo, akaniambia basi nikirudisha kichupa nimletee na chumvi, na akarudi kukwangua.